Fundi Yahaya na Namba Themanini na Nne

Baada ya miaka thelathini na minane ya kazi, ndugu yetu Yahaya Djibril anastaafu tarehe 31 Machi 2025. Karakana yetu ya Jabe inamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemjalia kumaliza akiwa na afya na jina jema.

Alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, akawa fundi wa breki, kisha wa bodi na rangi. Hata hivyo, tuliokuwepo tunamkumbuka kwa gari moja.

Mwaka 1991 Mzee Sylvère, aliyesomea ufundi Italia, alituletea Alfa Romeo nyekundu iliyokuja kwa meli ya ziwani kutoka Kigoma. Ujanani aliihudumia ikishindana katika mbio za milimani huko Sisilia. Aliomba breki tu, kisha akalazwa hospitalini. Yahaya akaona mlango una mibonyeo na namba yake ya mashindano, 84, iliyochorwa kwa mkono, imechakaa. Kwa huruma, ili mgonjwa akitoka afurahi, alinyoosha bodi, akapaka puti ya kujaza mibonyeo na kupiga rangi mpya iliyofunika hata ile namba. Sote tulimsifu, mimi nilimwombea baraka.

Mzee alipoiona aliketi juu ya tairi.

"Yahaya, mi sikukuambia uifanye mupya," alisema. "Ule mutu aliandika ile namba alishakufa. Ilikuwa mukono yake."

Mkurugenzi alitaka kumfukuza siku ileile. Yahaya hakujitetea, aliomba siku kumi na msasa wa maji. Alisugua rangi yake mpya tabaka baada ya tabaka, akiswali kando ya gari, nasi tukimtania kwamba ameoa mlango. Siku ya tisa ikatokea tarakimu ya nane, nzima. Nne haikurudi. Wapo waliomshauri aichore tu. Alikataa, akamwonyesha Mzee kilichopatikana na kukiri kilichopotea. Mzee aliweka kiganja juu ya ile nane, kisha akamwambia mkurugenzi kuwa gari lake halitaguswa na fundi mwingine.

Tangu hapo, hakuna anayegusa alama ya gari hapa kabla ya kumuuliza mwenye gari. Kutoka kwa Mzee, Yahaya alijifunza pia historia aliyotusimulia wakati wa chai: mbio za Targa Florio, iliyoanza mwaka 1906 katika barabara za milima ya Sisilia, na za Mille Miglia, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi. Hakusimulia ushindi bila kutaja ajali ya 1957 iliyoua watazamaji, watoto wakiwemo, na kukomesha Mille Miglia. Hapo huchukua spana.

Wiki iliyopita Mzee Sylvère, ambaye sasa haoni vizuri, aliletwa hapa na binti yake Christa. Alimshika Yahaya mkono.

"Sasa utakuja kwangu, nyumbani," alimwambia. "Gari inakungoja. Na mi pia."

Ndugu Yahaya, umetufundisha kuwa kosa likikiriwa linaweza kuzaa urafiki wa miaka thelathini na minne. Asante. Mungu akupe siku ndefu na tulivu, na mlango wa Mzee Sylvère uukute wazi daima.