Paa la Mayige

Joakim, zima hiyo simu. Violeth, niinue kidogo, mto uweke mgongoni, usiuweke shingoni, ndiyo, hapohapo. Na wewe Dastan usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia, ingia ukae hapa miguuni pangu. Wanangu, nipeni masikio yenu yote asubuhi hii, maana maneno niliyonayo ni mengi na pumzi ni kidogo, na nikikatika katikati msiniambie mayu pumzika, mama pumzika, nitapumzika nikishamaliza. Nawasikia watu wako uani. Namsikia Sadick anavyosafisha koo lake, namsikia Felisita anavyogombana na vyombo, na ninajua leo ni Jumamosi. Klabu nzima imekaa uwanjani kwangu kuningoja nife, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kazini. Hilo linanichoma kuliko huu moyo.

Nianze na mali, maana najua bila hiyo hamtasikia lingine. Nyumba hii ni ya Violeth na watoto wake, na mjomba yeyote atakayesema binti hapewi nyumba, Joakim, wewe ndiye utakayemjibu, umwambie mama alisema hivyo akiwa na akili zake zote. Shamba la Dutwa ni lako wewe Joakim, ulime pamba ukitaka, ulime dengu ukitaka, ila usilikodishe kwa watu ukakaa mjini kupiga soga. Ng'ombe ni wa Dastan, kwa sababu ndiye anayewajua kwa majina na ndiye wanayemfuata. Cherehani yangu mpeni Asumini, mke wa Sadick, nilimwahidi. Na yale masufuria makubwa ya stoo, na makoleo, na turubai, si vyangu wala si vyenu, ni vya klabu, vimekaa kwangu mpaka mkadhani vimezaliwa humu. Sadick avichukue kabla ndugu zenu wa Binza hawajafika, maana nawajua, hawatoki msibani mikono mitupu. Kiti changu cha mwenyekiti asikirithi mtoto wangu yeyote. Joakim, nakutazama wewe. Hicho si ng'ombe wa ukoo, wachague wenyewe.

Mnajua ilivyoanza, hiyo klabu? Joakim ulikuwa unatambaa. Mimi na baba yenu tulikwenda hospitali kumwona shangazi yake, tukamkuta mama mmoja wa kutoka vijijini amekaa sakafuni na mtoto mgonjwa, hana ndugu hapa mjini, anatafuna michembe, vile viazi vya kukausha, aliyokuja nayo kwenye kitambaa, na michembe yenyewe inakwisha. Jumamosi iliyofuata baba yenu akanipikisha ugali wa kushibisha kijiji, akaubeba kwa baiskeli mpaka wodini. Jumamosi nyingine akaja Sadick, kijana mwembamba ametoka Lamadi kuuza dagaa, hata kusalimia mwangaluka hajui sawasawa, akaleta mboga. Basi, ndiyo klabu. Watu wakadhani tumefungua kilabu cha pombe, wakaja kuulizia gongo, tukawapa ndoo wakateke maji. Tukazibua mitaro, tukachimba lambo, tukafua mablanketi ya wagonjwa, tukamvusha mjamzito mtoni juu ya kitanda cha kamba, Sadick amefumba macho anasoma dua na Felisita anamfokea ayafumbue asije akatuangusha. Nimecheka na watu hawa kuliko nilivyocheka na ndugu zangu wa tumbo moja. Ugali wa baada ya kazi, mikono yote kwenye sinia moja, Mwislamu, Mkatoliki, na yule asiyejua anaabudu nini, utamu ule sijaupata penginepo. Nawapenda. Mlisikie hilo kinywani mwangu, nawapenda wale walioko uani, hata leo wanaponiudhi.

Maji. Kidogo tu. Haya.

Sasa Mayige. Ndiyo, nimelitaja jina lake humu ndani, na Dastan usigeuze uso, litazoeleka. Alipokufa baba yenu watu walikuja mpaka wakakosa pa kukaa, na Mayige, jirani tunayetenganishwa naye na ua wa minyaa tu, hakuja. Hakuleta kuni, hakuleta maji, hakushika jembe makaburini. Alipita barabarani na baiskeli yake ya mkaa wakati watu wanachimba, akatazama mbele, akaenda zake. Mnajua kwetu jambo hilo lina adhabu gani. Wazee walimtaka atoe ng'ombe, majirani wale, yaishe, akakataa, akatengwa. Tangu hapo haombwi moto wala hapewi, hasalimiwi kisimani, mbuzi wake akipotea hakuna aliyemwona. Wengine walisema ni ule ugomvi wake na baba yenu juu ya ngitili, zile nyasi za kulishia ndama wakati wa kiangazi. Mimi sijui. Sijamwuliza na hajaniambia. Na msidhani kitanda kimenifanya mtakatifu. Sijamsamehe. Nikikumbuka ile baiskeli inavyopita nasikia joto mpaka masikioni, hata sasa hivi.

Lakini upepo ulipong'oa paa lake nilikwenda kutazama, tena kwa umbea, sikwenda kwa wema. Nikawakuta wajukuu wake, watoto wa yule binti yake aliyefariki, wamelala kwenye zizi la ndama wamejifunika gunia. Mayige akatoka, akaniambia, "Sijakuita, mayu." Nikamwambia, "Na mimi sijaja kwako, nimekuja kwa hii nyumba." Nikarudi nikaitisha klabu, nikasema Jumamosi tunapaua kwa Mayige. Kule kwenye kundi la simu, ambako ikiwekwa picha ya harusi mnapiga vigelegele siku nzima, palikuwa kimya, Sadick peke yake akaandika kwamba ataleta misumari. Mkaja mmenuna. Mkapandisha kenchi za paa, mkapiga papi za kushikia mabati, hakuna hata aliyeimba, na mimi sijaona kazi ya klabu isiyo na wimbo. Mabati yakiwa bado chini, na mimi nimeshikilia ngazi, miguu ikaniisha nguvu nikaanguka, palepale kwenye uwanja wa Mayige.

Basi, mkapata sababu.

Mnadhani sisikii? Ugonjwa uko kifuani, masikio yangu ni mazima. Nawasikia mnavyonong'ona jikoni kwamba Mayige kamroga mayu, kamwangusha kwake mchana kweupe ili atuonyeshe. Dastan, najua ulikokwenda Alhamisi. Mganga akakwambia aliyefanya hivi ni mzee, ni jirani, na ana macho mekundu. Mzee, jirani, macho mekundu: kwa maelezo hayo hata mimi nimejiroga. Wazee wote wa huku macho yetu ni mekundu, tumepikia mabua ya pamba tangu utoto na moshi wake mnaujua, na Mayige anajipikia mwenyewe kwa sababu hana mke wala jirani wa kumsaidia. Violeth, waambie ndugu zako alichosema daktari mbele yako. Usilie, waambie. Haya, nitasema mimi. Moyo umetanuka. Umetanuka tangu mwaka juzi, ndiyo maana miguu inavimba, ndiyo maana nalala nimekaa kama kuku. Mayige hakuja kuniwekea moyo kifuani.

Nimechoka... hapana, niacheni, niacheni niseme.

Sikilizeni kinachonikosesha raha. Nikifa leo, msiba unaanza, na desturi yetu mnaijua, jembe halishikwi, nyundo haipigwi, klabu yote italala hapa uwanjani mpaka tanga liondolewe. Nyumba ya Mayige itabaki wazi na kenchi zake. Fungua dirisha, Violeth, walione lile wingu, limejijenga upande wa ziwa tangu jana, na joto hili si la bure. Watoto watanyeshewa ndani ya zizi. Na huku msibani mtakuwa mmekaa na wanaume wanaokunywa na kunong'ona, mmoja atasema neno, mwingine ataitikia, wa tatu atakwenda kuchukua panga. Nimeyaona haya. Shangazi yangu alikufa hivyo nikiwa msichana, kwa ajili ya macho mekundu, na waliomuua walikuwa wamekula ugali wake wiki ileile. Mimi ndiye niliyemwosha. Hamjawahi kunisikia nikisimulia, na sitasimulia zaidi ya hapo.

Sitaki mzee yule auawe kwa jina langu. Hilo tu ndilo linaloniweka hapa. Nisingekuwa na hofu ya hilo ningekuwa nimeshaondoka juzi, maana kuondoka kwenyewe sikuogopi, naogopa ninyi. Nawaogopa wanangu niliowazaa. Mnaelewa mama akifika hapo amefika wapi?

Kwa hiyo hamniuguzi leo. Mnakwenda kupaua. Joakim na Dastan mtapanda juu wenyewe, msiwaachie watu wengine, mabati yote mpigilie ninyi mpaka kofia ya juu. Nataka kila msumari wa paa lile uwe umepita mikononi mwenu, ili siku mtu atakapowaambia twende tukachome, mjue anataka mchome kazi yenu. Na kazi yenu mnaipenda, nawajua, Dastan hata banda la mbuzi akilijenga hulizunguka asubuhi na jioni kulitazama. Na nikifa ninyi mkiwa huko juu, msishuke. Violeth asiwaite mpaka mmalize. Watu watasema watoto gani hawa wasio na adabu, mama yao amelala ndani maiti na wao wanagonga nyundo. Waacheni waseme. Maiti ni mimi, ruhusa naitoa mimi.

Maji tena. Hapana, lowesha midomo tu. Dastan... nishike mkono. Usibane.

Bado moja. Kaburi langu lichimbwe karibu na baba yenu. Lakini kabla jembe la mtu yeyote halijagusa udongo, mtakwenda kumwita Mayige aje achimbe. Jembe la kwanza ni lake. Apewe mbele ya watu wote, wazee waone, na akishachimba kaburi langu kutengwa kwake kumekwisha, hakuna tena wa kumdai ng'ombe. Mwenye msiba ule nilikuwa mimi, na mimi nimesema imetosha. Sijasema nimesahau. Nimesema imetosha. Na atakayekwenda kumwita si Joakim. Ni wewe, Dastan, uliyekwenda kwa mganga. Uvuke ule ua kwa miguu yako, umwambie, mama kasema njoo.

Akikataa, mkae mngoje. Jua liwake, watu wachoke, mngoje. Atakuja. Niliwaambia nilianguka, sikuwaambia nani alinidaka. Ninyi mlikuwa juu ya kenchi. Ni yeye. Aliniwahi kichwa kisigonge jiwe, akaniita jina langu, Nyamizi, Nyamizi, na sauti inamtetemeka. Tangu baba yenu afariki... hakuna mtu aliyeniita hivyo. Wote mnaniita mayu, mwenyekiti.

Haya. Sogeeni niwawekee mkono. Mungu, na wale wa kwetu waliotangulia, wawatazame. Joakim, upewe usingizi usiosumbuliwa na maneno ya watu. Violeth, mikono hii iliyoniogesha... isikose chakula, isikose wa kuishika. Dastan, kitinda mimba wangu, uzae mtoto mkaidi kama wewe... ndipo utanikumbuka. Cheka, mbona hucheki. Mpendane. Mkishindwa kupendana, basi msaidiane, hilo halihitaji moyo mwepesi, mimi nimeliweza.

Sadick mwambieni wabeja, nashukuru. Mwambieni na yeye leo apande juu, asijifanye anahesabu misumari.

Nendeni sasa. Mbona mmekaa? Nendeni, mvua haitawangoja mmalize kulia. Violeth, wewe baki. Kaa hapo dirishani... uniambie.

Wameinuka uani? ... Wote? ... Felisita naye. Mwache, huyo hajawahi kukaa chini.

Joakim? ... Anatoa mabati. Vizuri. Vizuri.

Na Dastan? ... Sema kwa nguvu, sikusikii... Amevuka ua.

Mayige ametoka? ... Wamesimama tu? ... Ngoja. Usiseme kitu. Ngoja.

Wamesalimiana... Nani ameanza?

Dastan.

Haya, mwanangu. Haya.