Bi Bado na Gundi ya Mkemia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, wakili wa Ofisi ya Miliki Bunifu ya chuo chetu anastaafu tarehe 30 Juni. Wachache humwita kwa cheo hicho. Sisi tunamwita Bi Bado, naye huitika bila kinyongo, maana kila mhadhiri aliyemweleza kwamba kesho anatangaza ugunduzi wake alipata jibu moja tu: bado.

Alipoanza kazi, ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba, pamoja na mashine ya kutolea nakala. Watafiti waliingia wakifuata mashine. Yeye aliwatolea nakala, na karatasi zikiendelea kutoka aliwadadisi kuhusu kazi zao za maabara. Wateja wake wa kwanza aliwapata hivyo.

Darasani aliingia na mwavuli. Namna mpya ya kuufungua, alifundisha, hulindwa kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake bila idhini. Jina lililo kwenye mpini ni alama ya biashara. Mchoro uliopamba kitambaa una hakimiliki. Ama wazo la mwavuli lililobaki kichwani halilindwi na chochote, na mwenye nalo atalowa kama wengine.

Hatutaisahau asubuhi ya maonyesho ya chuo. Mkemia wetu alikuwa amebuni gundi ya mbao itokanayo na maganda ya mihogo, akabandika ukumbini bango lenye viambato, vipimo na joto la kupikia. Ombi la hataza lilikuwa halijawasilishwa. Wageni wangelisoma bango lile, gundi isingehesabiwa tena kuwa jambo jipya, hataza ingekosekana, na kiwanda chochote kingeipika bila hata kumshukuru. Milango ikiwa inafunguliwa, Bi Bado alivua mtandio wake akalifunika bango. Mkemia alihamaki mbele ya wasaidizi wake, akalalamika kwamba ni kama anazibwa mdomo siku ya harusi yake.

"Harusi ipo, baba," alimjibu. "Leo waonyeshe ile stuli uliyoiunga kwa gundi yako, waikalie mpaka wachoke. Mapishi yabaki jikoni mpaka niwasilishe ombi."

Mkemia alinuna kutwa, lakini alitii. Wageni waliikalia stuli, wakaitikisa, na mmoja mwenye mwili wake akaombwa arudie. Ombi liliwasilishwa, hataza ikatolewa, na karakana ya samani ikachukua leseni ya kuitengeneza gundi ile. Sehemu ya mapato ndiyo iliyoipatia maabara ya kemia majiko mapya.

Si wote aliowawahi. Mhandisi mmoja alifika ofisini akitokea mkutanoni, ameshamwaga karibu kila kitu jukwaani. Bi Bado hakumgombeza. Alimkalisha, akamsaidia kutafuta sehemu ya kazi ambayo hakuwa ameisema, wakaanzia hapo.

Siku hizi mkemia hampeleki mwanafunzi wake yeyote kwenye mkutano kabla hajampitisha kwa wakili. Watafiti wengine wamemfuata, na benchi la nje ya ofisi halikosi watu.

Dada yetu, tunakushukuru kwa kutunyamazisha kwa wakati, na kwa kuvumilia tulivyokununia. Kazi nyingi za chuo hiki zinaitwa zetu leo kwa sababu ulisimama mlangoni. Upumzike vyema, uwe na afya, na siku zako zijazo zikupendeze.