Mzee wa Kadi na Tarumbeta Lililofungiwa Stoo

Mpendwa wetu, ambaye mji mzima ulimwita Mzee wa Kadi, alizaliwa tarehe 4 Juni 1951 katika nyumba ya pili nyuma ya posta, mtoto wa tatu wa fundi viatu na muuza maziwa.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na stendi. Sekondari aliishia kidato cha pili, baba yake alipopoteza macho. Huko anakumbukwa kwa kumchora mwalimu mkuu ubaoni, pua na yote. Fimbo alizila, lakini picha ilikaa wiki nzima: mwalimu mkuu mwenyewe alikataa ifutwe.

Mwaka 1969 alianza kazi ya kuchora mabango ya maduka. Mwaka 1977 alichora bango la binti mmoja fundi cherehani, akaweka sura ya mwenye duka bila ruhusa. Binti akaja juu.

"Nani kakutuma unichore?"

"Dada, ungekuwa na sura mbaya ningechora mkasi."

Walioana tarehe 17 Desemba mwaka huohuo. Bango bado lipo.

Mwaka 1991 alifungua makumbusho ya mji katika vyumba viwili vya posta ya zamani. Aliweka mizani ya mkunga wa kwanza wa mji, viatu vya mwanamke aliyekimbia hadi mashindano ya taifa, vyungu vya mfinyanzi wa mtaa wa juu, na tarumbeta la mpigaji aliyetutumbuiza harusini kwa miaka arobaini. Kila kitu kilikuwa na kadi ya mkono wake, na mwenye kitu aliruhusiwa kukiazima. Mizani ilipima wajukuu wa mkunga. Tarumbeta lilikwenda harusini na mtoto wa marehemu mpigaji, na mahali pake palibaki kadi: "Limekwenda harusini. Litarudi Jumatatu." Na Jumatatu lilirudi. Kwa miaka thelathini hakikupotea hata kifungo.

Mwaka 2022 ofisa wa manispaa alikuja kukagua, akakuta kadi hiyo. Badala ya kuisoma, aliandika "mali imepotea". Mtu mwenye shahada mbili! Tarehe 12 Machi lori likaja, likabeba vitu vyote, na tarumbeta lililokuwa limesharudi likiwamo. Vikafungiwa stoo ya manispaa "kwa miezi mitatu". Miezi mitatu hiyo sasa ina umri wa kwenda chekechea.

Kila Jumanne Mzee alivaa koti, akaenda kuomba ufunguo.

"Mzee wangu, mhusika yuko mkutanoni."

"Tangu Jumanne iliyopita? Basi mpelekeeni godoro."

Alitania hivyo, akirudi nyumbani hali chakula. Mwezi Mei mwaka huu alichungulia dirisha la stoo akaona maji ya mvua yakidondokea vyungu. Alirudi akamwambia mkewe, "Mama watoto, wananilowesha." Wiki hiyo alipatwa na kiharusi. Madaktari na wauguzi walijitahidi, tunawashukuru. Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ombi lake la mwisho lilikuwa moja: tarumbeta lipigwe kaburini. Mtoto wa mpigaji yuko hapa, amesimama mstari wa mbele, kadi ya tarumbeta mfukoni na mikono mitupu. Tarumbeta liko hatua mia nne kutoka hapa. Tuliomba kwa barua mbili. Jibu lilikuja jana msibani: manispaa inaomba picha ya marehemu, itundikwe kwenye ukuta wa watu mashuhuri katika jengo lao jipya.

Waliomfungia vitu vyake wanataka wamtundike! Mjane alisoma barua hiyo mara mbili, akavua miwani, akasema, "Picha hawapati." Kisha akafungua droo ya marehemu, akatoa kadi tupu na brashi.

Ameacha mjane, dada mmoja, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na vitu mia mbili na sita vinavyolowa.

Wawakilishi wa manispaa mlio kwenye viti vya mbele, poleni kwa jua. Kabla hamjaondoka, mjane atawakabidhi kadi hiyo. Itundikeni ukutani, pale mlipotaka kuweka picha. Imeandikwa: "Hayupo. Atakuja tarumbeta likirudi."

Mzee wetu, pumzika kwa amani. Jumanne tutakwenda sisi.