Fundi Anatafuta wa Kumsemea

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, limeegemezwa ukutani mwa duka la rejareja, mguu mmoja umewekewa kipande cha tofali, na mbele yake jiko la mkaa na birika la Bi Kahawa. Mwanzoni mwa benchi hukaa Wakili. Sheria hajasoma, ila aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo hafungui mdomo bila kuinua kidole. Katikati hukaa Dokta, ambaye anauza dawa ya panya. Mwishoni, karibu na mlango wa chumba chake cha kushonea, hukaa fundi cherehani wanayemwita Naam, kwa kuwa katika miaka kumi na mmoja hilo ndilo neno karibu pekee walilowahi kulisikia kutoka kwake. Wao humwona msikilizaji mzuri. Ukweli ni kwamba anaogopa watu, na hajawahi kumwambia mtu.

Siku hiyo baada ya chakula cha mchana alitoa karatasi mfukoni, akaiweka kwenye benchi, akameza mate mara mbili.

— Naomba mmoja wenu aende shuleni badala yangu. Saa tisa.

Bi Kahawa alisahau kuwa anamimina. Kikombe kikafurika.

— Jamani, amesema!

— Sentensi mbili nzima! Dokta akaruka. Nipeni hiyo karatasi!

Wakili alishamtangulia. Akainua kidole, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

— "Watafiti wa saikolojia wanachunguza hofu ya kuwa mbele za watu, kwa watoto na kwa watu wazima. Mzazi afike kwa mazungumzo mafupi. Asipofika, nafasi ya mtoto atapewa mwingine." Kumbe! Jambo zito hili!

Fundi aliinamisha kichwa. Binti yake ana miaka minane. Nyumbani huongea mpaka uji unaungua jikoni, lakini shuleni, mwaka wa pili huu, hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Mwalimu alisema ni kiburi. Watafiti ndio waliokuwa wa kwanza kusema kwamba huenda ni hofu, na kwamba hofu ya namna hiyo inasaidika. Nyuma ya karatasi waliorodhesha dalili: anajua jibu lakini hanyooshi mkono; anapita njia ndefu ili asikutane na watu. Fundi aliposoma alihisi wanamwandika yeye. Aliwahi kusimama kwenye kikao cha wazazi aulize kuhusu sare, maneno yakampotea, watu wakasubiri, akakaa. Tangu hapo akimwona mwalimu huvuka barabara.

— Sasa, akasema Dokta huku akijipigapiga magoti kwa furaha, mimi utafiti huu ningewamalizia leo hii. Hofu inakaa tumboni. Panya wangu wote, kabla hawajakimbia, tumbo ndilo hutikisika kwanza.

— Panya na mtoto wa watu wapi na wapi? Bi Kahawa akamkata.

— Tumbo ni tumbo, shemeji!

— Napinga! Wakili akasimama kabisa. Chanzo ni madawati. Mtoto anatazama ubao, wenzake wako nyuma. Macho arobaini kisogoni! Nani asiyeogopa? Watoto wote waegemee ukuta. Mimi hapa nimeegemea ukuta, mmewahi kuniona naogopa?

— Mkeo akipiga simu unaongea kama unaumwa koo, Dokta akamchoma.

Kicheko kikapasuka. Hata fundi alitabasamu. Wakili hakujali, alikuwa ameshapandwa na mori.

— Subirini! Nimepata kubwa zaidi. Sare za huyo mtoto anashona nani?

— Baba yake, si fundi?

— Hasa! Na baba mwenyewe kumbe muoga, shuleni tu anatuma mtu. Basi hofu inapita kwenye uzi! Imeshonewa ndani ya pindo! Mtoto anaivaa kila asubuhi!

— Eee bwana wee! Dokta akashika kichwa. Hiyo waandike! Waandike hata leo!

Walishangilia mpaka muuza duka akachungulia dirishani. Ila fundi aliumia. Tangu asome ile karatasi, jambo hilo hilo ndilo lililomnyima raha: kwamba mtoto ameupata woga kwake. Pindo za zile sare alizishona kwa mkono, mtoto amekaa miguuni pake akipanga vifungo kwa rangi na kumsimulia kila kifungo kimetoka kwenye koti la nani. Alitaka kuwaambia. Akaishia kung'oa uzi uliolegea kwenye mkono wa shati lake.

Kura ikapigwa hapo hapo, na Wakili akachaguliwa kwenda. Dokta akajifanya mtafiti, wafanye mazoezi.

— Karibu, baba mzazi. Tuambie kuhusu mwanao.

— Ahsante, mheshimiwa. Binti yangu ni mtoto wa tatu.

"Hana ndugu," fundi alisema moyoni.

— Mpole sana. Kelele hapendi. Hesabu ndiyo roho yake.

— Safi! Na usiku analala?

— Kama gogo!

Mtoto anaogopa giza, mlango huachwa wazi. Fundi aliwatazama wakimjenga mtoto mwingine kabisa, mtoto wa watu wasiojulikana, na saa tisa huyo ndiye angekwenda kuandikwa kwenye daftari la watafiti. Msaada wao ungempata mtoto asiyekuwepo. Jasho likamtoka mgongoni.

Wakati huo mama mmoja anayeleta mikate dukani alikuwa ameshusha kreti lake. Alikuwa mgeni kwenye njia ile. Akaomba kahawa, akanywa amesimama, akisikiliza.

— Samahani, akauliza. Baba wa mtoto ni nani hapa?

— Mimi, kuanzia saa tisa, Wakili akajibu kwa fahari.

— Hongera. Mtoto anaitwa nani?

Wakili akainua kidole. Kidole kikabaki hewani. Akamtazama Dokta, Dokta akamtazama Bi Kahawa.

— Sisi… sisi huwa tunamwita mwanetu, akasema Bi Kahawa. Aibu ilimshika wazi.

— Miaka kumi na mmoja, Dokta akanong'ona. Hatujawahi kuuliza.

Wakili akamgeukia fundi.

— Ndugu yangu, hebu niandikie hapa, nipate kulikariri.

Fundi alipokea kalamu. Kisha akaiweka chini, akamtazama yule mama asiyemjua hata kidogo, akalitaja jina la binti yake. Pikipiki ikapita, likamezwa.

— Sijasikia, kaka.

Akalitaja tena, kwa nguvu zaidi, akaongeza na la babu yake.

— Jina zuri, akasema mama.

— Hana ndugu, fundi akaendelea, sauti ikimkwaruza. Hesabu hazipendi. Giza analiogopa. Lakini kusimulia, mpeni kifungo kimoja tu, atawasimulia mpaka jua lizame. Shuleni hawajui. Lazima mtu awaambie.

Hakuna aliyecheka. Bi Kahawa alifuta macho kwa ncha ya kanga. Wakili akakunja ile karatasi taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili.

— Kesi si yangu hii, akasema.

Fundi alisimama. Woga ulikuwa pale pale, haukupungua hata punje, akaikung'uta vumbi suruali aliyoishona mwenyewe.

— Nisindikizeni mpaka getini, akasema. Ndani nitaingia mimi.

Benchi zima likainuka kwa mpigo mmoja.