Tanki la Jumapili

Kijiwe cha Iroquois, mtaa wa Louisville, hakikujengwa kwa mbao wala matofali. Ni kiti cha nyuma cha pikapu, kile cha watu watatu, kilichofunguliwa bolti na kuegemezwa ukutani mwa duka la Yaya Spés, dada mkubwa wa wote, upande unaopata kivuli mapema. Kilitoka kwenye gari la Theogene mwezi wa sita mwaka huu, siku rafiki yake Sebineza alipotangaza kwamba gari linakunywa mafuta kwa sababu ya uzito. Kiti kikatoka, gari likaendelea kunywa. Lakini wanaume wakapata pa kukaa, na tangu hapo kila Jumamosi wanakaa hapo, mikanda ya usalama ikiwaning'inia kiunoni, termosi ya kahawa miguuni pao, wakilitazama gari lenyewe limeegeshwa kwa ubavu uwanjani na trela yake nyuma. Limemeza nafasi saba, kama mtu aliyejinyoosha peke yake mkekani huku wageni wamesimama.

Theogene wanamwita Chuma, na jina alijipa mwenyewe. Gari lake lina silinda nane, na ukimsikiliza utadhani silinda ya tisa ni yeye. Alishawaambia watu wa Louisville kwamba linaweza kung'oa kanisa na mchungaji wake ndani. Kwa simu, alimwambia baba yake Isimbi, msichana anayetaka kumwoa, kule Buffalo kwamba gari hilo hunywa kama kuku: tone moja, kisha linatazama mbingu. Mzee alicheka, akasema basi aje nalo alione. Mtu anayemtaka Isimbi haambiwi hivyo mara mbili.

Nafasi ilikuwepo. Jumamosi ijayo kwaya inaenda kuimba Buffalo, ikipitia Columbus kuwachukua waimbaji wa mtaa wa Northland, na lazima kuwe na wa kukokota ngoma, spika na kinanda. Tatizo lilikuwa Mzee Rurangwa, kiongozi wa kwaya. Mwezi wa nne Theogene aliwakokotea vyombo kwenda Columbus, mafuta yakaisha kabla mji haujaonekana, na kwaya nzima ikasimama pembeni ya barabara kuu saa mbili nzima, Mzee Rurangwa akiwa amekumbatia kinanda kama mtoto mwenye homa. Hakusahau. Akatoa masharti yake.

— Usinihesabie maili na galoni, alimwambia. Jaza tanki Jumapili baada ya ibada. Likikufikisha Ijumaa jioni bila kuongeza, vyombo utabeba wewe. Likilala njiani, tunakodi gari lingine, na weye utapanda nyuma pamoja na wapiga ngoma.

Wiki tatu zilishapita, na kila wiki mshale wa mafuta ulilala kabla ya Ijumaa. Kesho ndilo tanki la mwisho. Ndiyo maana siku hiyo kijiwe kilikuwa na kazi.

Sebineza ndiye alianza. Wanamwita Simu, maana hana wazo ambalo halikutoka humo, kwenye kioo kilichopasuka mara nne.

— Magurudumu, alisema bila kuinua macho. Upepo ukipungua, gari linaburuta tumbo.

— Nimeyajaza, Theogene akajibu. Nimejaza mpaka linaruka kama mbuzi. Asubuhi kahawa yote iliniishia mapajani.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Ezéchias.

Huyu naye ni Nusu-Pasta, aliacha shule ya Biblia muhula mmoja kabla ya kumaliza. Ana methali kwa kila jambo, ila methali zake huwa zimetumwa nyumba ya jirani.

Sebineza akapendekeza kichujio cha hewa. Kilishasafishwa. Akapendekeza mwendo wa pole, na Theogene akakiri kwa uchungu kwamba wiki iliyopita alikwenda pole kazini na kurudi, ng'ambo ya mto, mpaka bibi mmoja mwenye gari dogo akampita huku akimtazama kwa huruma, kama mtu anayepita msibani. Aliokoa mafuta ya siku moja. Ijumaa hakuifikia. Sebineza akasema basi mafuta yanunuliwe alfajiri, yakiwa baridi na mazito kama uji uliolala. Yalishanunuliwa alfajiri. Theogene aliyasema haya kwa kujivuna kidogo, maana hata kushindwa kwake alitaka kuwe kukubwa kuliko kwa wengine.

— Bon, sumaku, akasema Sebineza. Kuna mtu humu simuni amefunga sumaku kwenye bomba la mafuta, sasa anajaza mara moja kwa mwezi.

— Yuko wapi mtu huyo?

— Haonyeshi uso.

— Mtu aliyepata dawa kama hiyo hafichi uso, Theogene akasema. Miye ningeweka picha yangu barabarani.

Yaya Spés alitoka na sambusa, akauliza kwa nini hawaipimi termosi yake, ambayo ndiyo inaisha upesi kuliko tanki la gari lolote la Kentucky. Lakini Ezéchias alikuwa amesimama. Nusu-Pasta akisimama, jambo limeiva.

— Munasumbuka bure. Shida si gari. Shida ni Buffalo.

— Buffalo imefanya nini?

— Iko juu. Simu, fungua ramani. Angalia: Louisville hii hapa chini. Columbus katikati. Buffalo kule juu kabisa. Donc, basi ni kupanda tu, kama kutoka Uvira kwenda Minembwe. Gari linajua safari inayolingoja, linaanza kunywa mapema. Hata ng'ombe, ukimpeleka mlimani, si anakunywa kwanza mtoni?

Sebineza aliitazama ramani muda mrefu. Kisha akaigeuza simu, juu ikawa chini.

— Sasa ni mteremko, alisema.

Theogene alijikuta amekadiria, kwa sekunde moja hivi, kama kuna namna ya kusafiri ramani ikiwa imegeuzwa.

— Mpanda ngazi hushuka, Ezéchias akahitimisha, akakaa.

Ndipo alipotokea mwanamke mwenye mfuko wa unga wa fufu begani, amevuka barabara kwa miguu, kwa sababu mbele ya duka hapakuwa na pa kuegesha. Yaya Spés akawajulisha: huyu ni Gloire, amehamia wiki iliyopita kutoka Columbus, kule Morse Road, na kwenye ghala alikoajiriwa anaendesha katrekta kale kanakopanga matrela uwanjani. Theogene akamsalimia vizuri, kisha akamuuliza kama kule Columbus waliwahi kuona gari kama lile.

Gloire alilitazama. Akaitazama na trela.

— Kaka, inabeba nini?

— Vyombo vya kwaya. Ngoma, spika, kinanda.

— Viko ndani?

— Hapana, viko kanisani. Tunapakia Jumamosi.

— Na kazini unaenda nayo?

— Naenda nayo.

— Ikiwa na nini ndani?

— Haina kitu.

— Sasa mbona hauifungui ikabaki nyumbani?

Sebineza alitazama simu, simu nayo ikamtazama. Ezéchias alianza kusema ng'ombe haachi mkia nyumbani, kisha akaona methali haifiki mbali, akanywa kahawa. Miezi mitatu walikuwa wakifungua viti, wakijaza upepo, wakisafisha vichujio. Trela walishaizoea nyuma ya gari kama mkia, na nani humuuliza ng'ombe kuhusu mkia?

Theogene peke yake alijua. Yule aliyemuuzia, kule Highview, alimfungia trela kwa mikono yake, akaipiga ubavuni, akamwambia nenda. Akaenda. Tangu siku hiyo hakuifungua, kwa sababu ukiifungua lazima siku moja uifunge tena, na kuifunga tena ni kurudisha gari nyuma, na Chuma wa Kentucky nzima hakujua kurudisha gari nyuma penye trela. Alijaribu mara moja, nyuma ya kiwanda. Alikata usukani kushoto, trela ikaenda kulia, mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama anaumwa. Ndiyo maana huegesha ubavu, pua ikitazama barabara. Ndiyo maana pale uwanjani huingia kwa lango moja na kutokea lingine.

Yaya Spés aliinua termosi, akaikung'uta. Kahawa ya mwisho ilidondoka kwenye kikombe cha Theogene, nusu kikombe. Theogene alikitazama, akasimama, akampa Gloire.

— Dada, alisema kwa sauti ndogo ambayo kijiwe hakikuwahi kuisikia kwake, mtu anajifunzaje kurudi nyuma na trela?

— Kuuliza si ujinga, akasema Ezéchias, na kwa mara ya kwanza tangu kiti kile kitoke garini, methali yake ilifika nyumba yake.

Gloire alimaliza kahawa bila haraka, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

— Mafuta yamebaki?

— Kidogo. Mshale unasinzia.

— Yatatosha. Ila kwanza ondoeni hicho kiti hapo ukutani. Somo la kwanza huwa linagonga.

Wakanyanyuka wote watatu, wakakibeba, mikanda ikiburuta chini, wakasimama nacho mikononi katikati ya uwanja.

— Na mukikirudisha garini, akasema Yaya Spés kutoka mlangoni, waimbaji nao watapata pa kukaa.