Bi Ljubinka na Kipoza cha Milimita Thelathini na Saba

Tarehe 30 Juni, fundi mitambo wetu Bi Ljubinka Stojkov anaondoka Redio Lipa baada ya miaka thelathini na minne. Alianza enzi za kanda. Alikuwa anazikata kwa wembe na kuziunga, usisikie hata mshono. Niliyepewa kuandika haya ni mimi, Miodrag wa taarifa ya habari, na nina jambo la kukiri.

Studio yetu ni finyu. Kompyuta inakaa karibu kabisa na maikrofoni. Feni yake ya zamani ilinguruma hadi wasikilizaji wakauliza kama tumehamia kwenye kinu cha unga. Sisi wanaume tukataka kipoza joto kikubwa, kirefu. Bi Ljubinka akachukua rula. Chini ya kifuniko cha kompyuta palikuwa na milimita arobaini na saba tu. Akachagua kifupi cha thelathini na saba, ili hewa ibaki na pa kupita, chenye feni pana inayozunguka polepole. Kimya! Tulidhani kompyuta imezimika.

Wiki mbili baadaye, siku moja kabla ya kwaya ya akina mama kuimba moja kwa moja hewani, kompyuta ikaanza kulia, kisha ikazimika katikati ya taarifa. Mkurugenzi Svetozar akafoka: "Ljubinka, kidude chako kimetuaibisha! Kwaya naifuta."

"Nipe mpaka asubuhi, bosi."

Mimi nikainamia karatasi zangu.

Kosa lilikuwa langu. Matundu ya kompyuta yalikuwa yananipuliza kiunoni, na mnajua mama zetu walivyotulea: upepo ukikuingia kwenye figo, umekwisha. Nikayaziba kwa tepu.

Asubuhi tepu haikuwepo. Kwaya ikaimba, na mpaka ng'ambo ya mto watu wakamsikia bibi kizee mmoja akivuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho. Simu za pongezi zililia mpaka mchana. Mezani kwangu nikakuta mkanda wa sufu wa kufunga kiunoni.

"Vaa huo, kaka Miodrag," aliniambia akipita. "Kompyuta nayo ina mapafu."

Hakunitaja kwa mtu. Miaka tisa sasa Svetozar anaamini Bi Ljubinka alichagua vibaya, akabahatisha kurekebisha. Bosi, hakukosea hata milimita moja. Kipoza ni kilekile, kinazunguka mpaka leo. Na mkanda nimeuvaa hapa ninapoandika, joto lote hili la Juni.

Asante, dada. Kapumzike vyema, na upepo ukupitie mbali.