Gunia la Pamba Katika Kaburi Langu

Heri, funga mulango. Na wewe Nuru, acha kunipepea, keti karibu, maana nitakayosema sitayasema mara mbili, kifua hakina pumzi ya kutupa.

Miaka kumi kule Wamaza mumeniita Muzee Musafiri, mugeni aliyemuoa mama yenu mujane. Mimi ndiye Lukumani, baba yenu, yule munayemusomea fatiha kila mukija hapa Kasongo. Musinikodolee macho, hata mimi nimekwenda pale kaburini kujisomea, nikaitikia amina.

Heri, ulikuwa na miaka mitatu na Nuru yuko tumboni, niliposimama sokoni nikawaambia watu waache pamba ya lazima ya serikali, wapande muhogo wapate kula. Walicheka, wakapiga makofi, na kesho yake askari wakaja kunikamata. Nikapita Kabambare kwa miguu, nikavuka ziwa mpaka Kigoma, kumuomba Bwana Shauri, mukubwa wa Waingereza pale, kimbilio. Akasema, ‘Kila mutu anasema anatafutwa. Nitaiandikia serikali ya Kasongo. Wakikubali kwamba wanakutafuta, utakaa.’

Huku nyuma askari walikuwa wanamupiga mama yenu aseme nilipo. Kaka yangu Amisi, Mungu amurehemu, akatangaza kwamba nimekufa kwa homa porini. Akafunga gunia la pamba ndani ya sanda, pamba ile ile niliyoikataza, akalipeleka makaburini. Jeneza lilikuwa jepesi kama kikapu kitupu, basi Amisi akawa anaguna njia nzima, ‘Ee ndugu yangu, kumbe ulikuwa muzito hivi!’ mpaka akatoka jasho la kweli. Ajenti muzungu, aliyetudai pamba musimu muzima, alivua kofia akaiheshimu ikishuka shimoni.

Barua ikarudi Kigoma: Lukumani amekufa, tumemuona akizikwa. Bwana Shauri akanitazama. ‘Wewe basi ni nani?’ Nikasema, Lukumani. ‘Mufu haombi kimbilio,’ akasema, bila ubaya, akaagiza niletewe chai. Nikainywa. Ilikuwa na sukari. Kitu kingine sikukisikia.

Nikabeba mizigo bandarini miaka miwili, mpaka wakanifukuza kwa kukosa karatasi. Amisi alikuwa amewahamishia Wamaza, ambako hakuna aliyejua sura yangu. Nikapiga hodi kwa muke wangu kama mutu baki. Mama yenu hakupiga kelele. Alisema, ‘Karibu, Bwana Musafiri,’ akaniwekea maji ya kuoga. Tukafunga ndoa mara ya pili, na Amisi, shahidi wetu, akamunong’oneza, ‘Shemeji, wewe unapenda wanaume wa pua ile ile tu!’ Siku ile, Heri, ulikataa kula na mimi sahani moja. Ulisema, ‘Huyu si baba.’ Nikameza tonge. Nilikuwa nimeshazoea kuwa maiti, na maiti hakasiriki.

Munadhani nimeomba munilete Kasongo kwa ajili ya dawa. Hapana. Nimekuja kuzikwa. Fukueni kaburi la Lukumani, toeni lile gunia, munilaze mimi. Pamba kama haikuoza, ichomeni, asipewe ajenti hata uzi. Wazungu bado wako, na uongo ule bado ni kifungo, kwa hiyo watu wakiuliza, semeni Musafiri aliomba kulala na mume wa kwanza wa muke wake. Watacheka. Waacheni, mutu akicheka hafuatilii.

Shamba la Wamaza ni lenu wawili na mama yenu, musinyang’anyane mupaka. Na wewe Subira, muke wangu uliyekaa hapo miguuni, nisamehe, utakaa eda ya pili kwa mume mumoja. Umenipa kimbilio kuliko bendera yoyote ya serikali.

Maji... kidogo. Basi.

Mungu awape vifua vipana, awape... majina ya kutembea nayo muchana. Nuru, shika mukono huu. Heri, sogea. Ulisema mimi si baba. Niite sasa, mara moja tu. Kwa sauti ndogo... majirani wako uani.

...

Sikusikia vizuri, mwanangu. Rudia.